Kwa Nini Vikapu vya Mvureni Vina Vifuniko

Kabla vikapu vya Mvureni havijavaa vifuniko, kila kilichobebwa mlimani kilionekana, na kile kisichobebwa kilionekana zaidi. Ghala la wote lilikuwa palepale lilipo leo, mbele ya baraza la jumbe. Wakati wa mavuno kila nyumba ilipeleka humo mtama na maharage, na mwaka ukiwa mgumu, aliyepungukiwa alikwenda kuchukua. Lilikuwa jambo jema, ila lilikuwa na mwiba ndani yake.

Mwiba wenyewe ni huu: aliyeleta alipigiwa ngoma, na aliyekuja kuchukua alipiga magoti barazani akaitaja njaa yake mbele ya watu. Aseme nani hajala, tangu lini, na kwa nini. Msimlaumu haraka Jumbe Mshitu aliyeiweka amri hiyo. Alirithi ghala lililokombwa na wajanja, akaapa halitakombwa tena, akadhani aibu ni kufuli nzuri. Kufuli ilikuwa kweli, lakini haikuwafungia wajanja, maana mjanja haoni haya. Iliwafungia wenye njaa.

Nakijwa, msusi wa vikapu, hakulifikiria hilo mpaka mwaka ambao mvua zilikatika mtama ukiwa bado unafika magotini. Kwake chakula kilikuwepo. Jirani yake alikuwa Namkunda, mama wa mtoto mchanga, ambaye mumewe alishuka bondeni kutafuta malisho asirudi. Kila jioni moshi ulipanda juu ya paa la Namkunda kama ulivyopanda juu ya mapaa mengine, na Nakijwa aliuona akaridhika. Hadi jioni moja upepo ukaugeuza moshi ule, ukaingia kwake. Ulinuka majani mabichi. Haukuwa na harufu ya maharage, wala ya mtama, wala hata ya chungu kilichoungua.

Akachukua bakuli la uji, akaenda.

"Nimeshiba, dada," Namkunda alisema, amesimama katikati ya mlango. "Leo nimepika hadi nikabakiza. Ungewahi ningekupakulia."

Wakacheka wote wawili, Nakijwa kwa adabu, mwenzake kwa shida. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akarudia titi lilelile.

"Basi nenda ghalani."

Namkunda akaacha kucheka. "Nikapige magoti mbele ya mawifi zangu? Mwanangu akue akiitwa mtoto wa njaa? Afadhali moshi."

Nakijwa alirudi na uji wake. Njiani aliwakumbuka wale wasemao kuwa njaa haina haya, akaona kwamba hawajawahi kuwa na njaa. Alipofika kwake hakula. Aliketi akasuka kifuniko, akakikaza juu ya kikapu chake kikubwa, na kesho yake mchana akaenda ghalani.

Mlinzi wa ghala aliitwa Kajiru, mtu wa mizaha. "Nakijwa! Kikapu kimevaa kofia leo? Unaleta nikupigie ngoma, au unachukua nikakutandikie mkeka wa magoti?"

"Nabeba kikapu."

"Naona ni kikapu. Unaleta au unachukua?"

"Nabeba kikapu, Kajiru."

Akampita, akaingia, akatoka, kikapu kimefunikwa vilevile. Kajiru akabaki na mkwiro mkononi, hajui apige ngoma au asipige. Mzigo ule Nakijwa aliuacha mlangoni kwa Namkunda, akaenda zake.

Habari ilimfikia jumbe, naye akatangaza: kesho atasimama mwenyewe mlangoni, na kila kikapu kitafunuliwa. Nakijwa aliposikia, alipita nyumba kwa nyumba, kwa wenye shibe na kwa wasio na kitu, akiwaambia neno moja: "Suka kifuniko, uje." Usiku ule mlima mzima ulisuka.

Kesho yake wanawake walijipanga mbele ya ghala, kila mmoja na kikapu kilichofunikwa. Namkunda alikuwa nyuma ya Nakijwa, mtoto mgongoni, kikapu kitupu. Akifunuliwa leo, Nakijwa alijua, hatakanyaga hapa tena, na mtoto yule hataiona mvua ijayo. Akajisogeza awe wa kwanza. Lakini kikongwe mmoja alimpiga kikumbo akatangulia. Alikuwa Bibi Nambike, mama mzazi wa jumbe.

"Unaleta au unachukua?" jumbe aliuliza, bila kumtazama usoni.

"Nabeba kikapu, mwanangu."

Watu wakacheka. Jumbe akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Funua," mama akasema. "Ila kwanza ujue. Mwaka wa nzige, wewe ukiwa bado unatambaa, niliwasha majani mabichi kila jioni ili majirani wasijue hatujala. Ulikohoa kwa moshi ule, nami nikawaambia ni mafua. Haya, funua uwaonyeshe mama yako amebeba nini."

Mkono ulikaa pale juu ya kifuniko. Kisha ukaondoka.

"Na wezi je?" jumbe aliuliza polepole, na swali lake lilikuwa la kweli.

Nakijwa ndiye aliyejibu. "Watakuja, Jumbe. Mwizi na ale. Mimi nimechoka kula moshi wa jirani yangu."

Jumbe akapisha mlango. Akaingia Bibi Nambike, akaingia Nakijwa, akaingia Namkunda. Na Kajiru, kwa kukosa la kufanya na mkwiro wake, akampigia ngoma kila aliyeingia na kila aliyetoka. Jioni ile upepo uliugeuza tena moshi wa Namkunda. Ulinuka maharage, yameungua kidogo.

Tangu jioni hiyo Mvureni hapasukwi kikapu kisicho na kifuniko, na hakuna apigaye magoti mbele ya ghala. Walaghai wamewahi kula humo? Wamekula, na mlima bado upo. Mgeni akisimama pale mlangoni na kumuuliza mtu kama analeta au anachukua, hujibiwa, "Nabeba kikapu." Akirudia kuuliza, hupewa cha kwake, kimefunikwa, aambiwe aingie.