Zimwi na Mshono wa Mwanahawa

Paukwa!
Pakawa!
Kinywa cha Mwanahawa?
Kifungwe, zimwi lisione.

Hapo kale aliishi mjane, Mwanahawa, peke yake mwisho wa kijiji. Ufizi wake wa chini ulishuka hata mizizi ya meno ikaonekana. Basi tabibu, Bi Kidawa, akakata kipande cha nyama kwenye kaakaa lake, akakishonea ufizini kwa uzi mwembamba.

"Siku kumi na nne, mwanangu. Kitambaa baridi shavuni, uji uliopoa, lala umeinua kichwa. Na mdomo usiuvute kutazama mshono."

"Na zimwi la msituni, je?"

"Lina sheria yake. Haliruhusiwi kula mtu kabla ya kuiona damu yake kwa macho. Usilioneshe."

Siku ya tatu shavu lilivimba kama andazi. Adhuhuri, mlango ukagongwa.

"Hodi, dada. Nimekuletea mahindi ya kuchoma, bado ya moto."

Sauti ilikwaruza kama jiwe la kusagia. Mwanahawa akabana kitambaa shavuni, asifungue. Nyayo zikaondoka.

Siku ya saba mlango ukagongwa tena.

"Hodi, dada. Nimekuletea dafu na mrija. Fyonza kwa nguvu, maumivu yaishe."

Kiu ilimkaba. Akanywa uji wake uliopoa, asifungue. Nyayo zikaondoka.

Siku ya kumi na tatu mlango haukugongwa, ulisukumwa. Zimwi likaingia limevaa koti la karani, daftari kwapani, likinuka mzoga.

"Ukaguzi wa mishono. Amri ya Liwali. Vuta mdomo nione, nitie muhuri."

 Mwanahawa aliliogopa zimwi, lakini muhuri aliuogopa zaidi. Mkono ukapanda wenyewe, ukavuta mdomo kidogo tu. Uzi ukauma. Ladha ya damu ikamjia ulimini.

Akaufumba mdomo. Akameza.

"Bwana karani," akasema bila kuachanisha meno, "tabibu kasema kesho."

"Basi nitasubiri."

Likaketi mlangoni, macho mdomoni mwake, mate yakidondokea daftari, mpaka asubuhi. Bi Kidawa alipokuja, akatoa uzi bila kulisalimu. Mwanahawa akavuta mdomo.

Zimwi likachungulia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ufizi umeshika, hakuna hata tone. Na kwa kuwa lilikuja kwa koti la kazi, likalazimika kuandika: Hakuna damu. Likatia muhuri, likaondoka na njaa yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, palipotiwa muhuri. Nanyi mkishonwa, uacheni mshono upone, hata akija mkubwa gani kuukagua.