Kikombe cha Dirishani

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia alikuwa fundi wa maneno. Mimi ni fundi wa kucheka kabla sijafika penyewe.

Hapo zamani, zamani za juzi tu, Siwatu alipika miaka ishirini katika nyumba ya Bi Nargisi, nyumba yenye vioo vingi kuliko watu wa kujitazama. Aliwakandia mikate, aliwaonjea mchuzi kwa ulimi wake mwenyewe, na hakuna aliyedhurika. Lakini kikombe chake cha bati, kilichobambuka ukingoni, kilikaa peke yake kwenye dirisha la jikoni. Hakikuoshwa pamoja na vya wenyewe. Naye Siwatu aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku moja Bi Shekue, mwenye majumba yake, akaja kumposa Lulua, binti wa nyumba ile, kwa ajili ya mwanawe. Bi Nargisi alikwisha kumwambia Siwatu tangu asubuhi: posa ikipita, abaki na chumba chake cha uani, ikiharibika, afungashe. Siwatu hakuwa na chumba kingine duniani.

Chai ikaiva, ya maziwa na iliki. Siwatu akabeba sinia. Bi Nargisi akampokonya mlangoni, maana mikono ya jikoni haiingii sebuleni. Sasa mikono ya sebuleni haijapata kubeba kitu kizito kuliko mkufu. Sinia likaenda chini, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vikawa vigae. Vilikuwa sita tu, ndio utajiri wenyewe. Zikabaki bilauri za maji, na kile cha dirishani.

Siwatu akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akamimina. Bi Nargisi akakitazama kama anayetazama panya, kisha akakipeleka.

Bi Shekue akanywa, akafumba macho. Akasema hajapata kunywa chai kama ile, na bati kama lile siku hizi halipatikani, hilo ni la watu wa asili.

"Cha marehemu bibi yangu," akasema Bi Nargisi. "Hakinywei mtu ila mgeni wa heshima."

Siwatu nyuma ya pazia akapumua. Chumba kimepona.

Lulua akacheka. "Mama, si cha Siwatu hicho?"

Chai ile ile, tamu vile vile, ikamgeuka Bi Shekue kinywani. Akaitema kwenye leso ya hariri, akaondoka na posa yake.

Bi Nargisi akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma. Siwatu akachukua kikombe chake, akasimama.

"Natoka, bi mkubwa. Ila niambie kosa langu. Kusugua, au kumimina?"

Bi Nargisi akasema mkosa ni Lulua na ulimi wake. Lulua akasema mkosa ni mama, aliyemzulia bibi kikombe. Bi Shekue, aliyekuwa amerudi kuchukua mkoba aliousahau, akasema mkosa ni Siwatu.

"Ungeniambia ni chako, nisingekunywa."

"Usingekunywa, usingesifu," akajibu Siwatu.

Watu wanne, na mlango wa nyuma ni mmoja. Je, nani alistahili kutolewa kwa mlango ule?

Jibuni taratibu, nami namwita mpishi wangu atuletee chai. Vikombe vipo tele. Kile cha dirishani tu msikiguse, ni chake.