Kompyuta Iliyochelewa Kuwaka

Wapendwa, kaeni vizuri niwape habari ya nyumba moja. Msianze kutazamana na kuulizana ni nyumba ya nani. Ni mfano tu, ingawa najua humu ndani wapo watakaoitambua sebule yao.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa na kompyuta ya mezani nyumbani kwake. Aliwachapia watu barua na kadi za harusi. Mkewe aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama tunavyofunika redio na televisheni zetu. Basi, mwaka mmoja, siku za Pasaka, kompyuta ikaanza kuchelewa kuwaka. Unabonyeza, kimya. Unakwenda kunawa uso, unarudi, kioo bado cheusi.

Baba wa watu akakosa raha. Kila asubuhi alikuwa ameinama pale, sikio limegusa boksi, anasikiliza. Akakiondoa kile kitambaa, akasema, "Maskini, inakosa hewa hii." Akaifungua, akapuliza vumbi, akachomoa nyaya na kuzichomeka tena. Mnauona upendo huo?

Sasa, katika nyumba hiyohiyo, mke naye alikuwa ameanza kuchelewa kuamka. Mama aliyezoea kuwasha jiko kabla ya jogoo, sasa jua linatoka bado yuko ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili.

Siku moja akasema, "Baba watoto, na mimi siku hizi nakosa hewa. Nikiinuka tu, moyo unanienda mbio."

Mume hakugeuka. "Umri huo, mama. Tembeatembea, utachangamka. Hebu nishikie tochi hapa."

Naye akaishika tochi. Akina mama, naona mmenyamaza.

Fundi akaitwa. Akauliza, "Ilianza lini, mzee?"

"Wiki ya Pasaka, Jumanne."

"Inachelewa muda wote?"

"Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Ikishapata moto inakuwa na nafuu. Halafu inalia, tik, tik, inanyamaza, kisha feni inavuma."

Fundi akacheka. "Kumbe mashine yako unaijua! Diski yake imechoka, ilikuwa njiani kufa. Ila tumeiwahi."

Akahamisha kila kilichokuwamo, akafunga diski mpya. Kompyuta ikawaka mara moja. Yule baba alifurahi, akaita chai iletwe. Mkewe akaileta, akisimama njiani kuvuta pumzi. Hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa wanatazama kioo.

Haukupita muda, asubuhi moja mama hakuamka. Anapumua, lakini ukimwita haitiki. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akamshika mkono, akamgeukia mume.

"Hali hii ilianza lini, mzee?"

Mume akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Usiku alikuwa anapumua vipi? Miguu ilikuwa inavimba?"

Jamani! Mtu aliyelala naye kitanda kimoja! Alitazama chini, akasema, "Sijui, daktari. Nilichoona mimi, alikuwa anachelewa kuamka tu."

Daktari hakumfokea. Alisema taratibu, "Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Laiti mngemuwahisha."

Yule mama hakurudi nyumbani.

Kompyuta ile ni nzima mpaka leo. Hukawii kubonyeza, imewaka. Yule baba hukaa mbele yake, amekirudisha kile kitambaa juu, na hachapi kitu. Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu huyu analelewa na babu peke yake.

Na mnajua kinachoniuma? Hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakulala nje. Masikio alikuwa nayo, tena makali, yanasikia tiki ya diski ndani ya boksi la bati. Ni kwamba aliyaelekeza huko.

Sisi je? Mashine ikichelewa tunasema ina tatizo, tunaita fundi. Mtu akichelewa tunasema ana uvivu, ana deko, siku hizi amebadilika. Nani kati yetu aliwahi kuitukana kompyuta kwamba ina kiburi? Tunaipa pole! Mke, mume, mama mzaa chema, huyo tunamwambia atembeetembee. Simu yako ikipungua chaji unajua imebaki asilimia ngapi. Aliyekaa karibu nawe kwenye benchi hilo amebakiwa na kiasi gani? Unajua?

Hapana, msiseme Amina. Leo sitaki Amina. Nendeni nyumbani. Yupo mtu kwako aliyekwisha kukuambia jambo ukiwa umempa mgongo. Mrudie leo, usingoje kuulizwa na daktari. Kaa naye, umwangalie usoni, umuulize, "Ilianza lini?" Na akikujibu, "Si kitu," usiinuke. Muulize tena.