Eda ya Malkia Mwanashee

Hapo kale, wanawake walipokuwa na enzi, mji wa Pangavu ulitawaliwa na Malkia Mwanashee, aliyeolewa kila alipotaka na kumwua mume kila alipomchoka. Safari hii jicho lake lilimwangukia Haroub, mwuza tumbako mwenye maneno mengi.

"Utanioa leo," alimwambia mbele ya watu. "Unataka zawadi gani?"

Haroub aliinama kwa adabu. "Sitaki mali, Bibi. Siku nikifa, unikalie eda kama mjane mwingine yeyote: ndani, bila kuonana na watu, mpaka iishe. Waume wenzangu hawakupata heshima hiyo."

Malkia alicheka, akaapa mbele ya mji mzima. Watu walimsikitikia Haroub, kwamba anakwenda kufa na anachowaza ni kuombolezwa.

Asubuhi malkia alimwita mwenye upanga. "Huyu anakoroma," alisema. "Mmalize."

Haroub alipiga mwayo. "Haya. Lakini Bibi, ukiwa umo edani, nani atakalia kiti chako?"

Malkia aligeuka. Nduguye, Fumo Aboud, alikuwa amesimama kando ya kiti cha enzi, amevaa joho jipya, anatabasamu.

"Usijali, dada," alisema. "Kiapo umeapa, na mji mzima umesikia."

Haroub akakohoa kidogo.

"Weka upanga chini," malkia alimwambia mwenye upanga, "ukamletee mume wangu uji wa moto. Na dirisha lile lifungwe, asije akapata mafua."