Jini Aliyeleta Arobaini

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Nasibu bin Faraji, mwenye malango saba na kwa kila lango karani na mwenye muhuri, na hakikuingia ikuluni hata kipande cha ndimu ila kimegongwa mihuri yote. Na siku moja furaha ilikuwa imeuhama mji, kwa kuwa binti yake wa pekee, Sayida Shemsa, alishikwa na homa ya malaria, asubuhi akitetemeka chini ya mablanketi saba na adhuhuri akiwaka kama tanuri, na matabibu wa ikulu wangali wakibishana nani atangulie kutia sahihi.

Ndipo akaitwa Mbaruku, mwuza dawa za miti shamba, aliyerithi kwa bibi yake kinu alimofungiwa jini aitwaye Damdam, mwenye kumtumikia yeyote akigongaye mara tatu. Kikapu chake cha majani ya mwarobaini kikazuiwa lango la kwanza.

"Haya hayana muhuri," akasema karani.

"Basi gonga, ndugu yangu, mtoto wa watu anakufa!"

"Muhuri upo. Mwenye muhuri yuko harusini."

Kinu kikapita, kwa sababu ni chombo, si dawa. Na Sultani akamwambia, "Ewe Mbaruku, ikiadhiniwa Alasiri na binti yangu hajafumbua macho, kichwa chako hakitakuwa na kazi tena."

Mbaruku akamtazama mgonjwa, midomo imekauka na pumzi zinakatika, na meno yake mwenyewe yakagongana kwa hofu. Akagonga kinu, na silabi ya kwanza akaimeza: "Damdam, niletee... arobaini!"

"Labeka, bwana wangu," akajibu jini, akatoka kwa kupitia malango, kwa kuwa alipata kuwa tarishi wa serikali miaka mia tatu na kuruka ukuta hakuweza tena.

Akarudi upesi na majamvi, na ubani, na masufuria ya pilau yanayofuka, na walimu ishirini wa kusoma hitima, wakiuliza kwa upole, "Marehemu ni nani?"

Mama yake Shemsa akapiga yowe. Sultani akasimama. "Mwanangu yu hai, nawe wamletea arobaini yake!" Na mwenye upanga akaanza kukunja mikono ya kanzu.

Lakini Mbaruku aliona jambo: pilau ile haikuwa na muhuri hata mmoja.

"Damdam, malangoni walikuuliza nini?"

"Hawakuuliza kitu, bwana. Walisema poleni. Vya msiba havigongwi muhuri."

"Basi nisikilize vizuri. Mwa! Mwa-robaini! Kikapu changu kiko lango la kwanza. Kiviringe ndani ya jamvi, na ulie njia nzima!"

Jini akalia kilio kilichomtoa machozi hata karani, na jamvi likapita.

Mbaruku akatwanga, akachemsha, akachuja, na mwadhini amekwisha panda mnarani, anakohoa kusafisha koo. Kijiko cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu Shemsa akakunja uso, akafumbua macho, akasema, "Nani kanitia shubiri kinywani?" Na mama yake akaangua kilio cha furaha, maana maiti halalamikii ladha.

Akanywa siku saba, na kwa idhini ya Mungu homa ikamwacha, akaolewa na Mbaruku kwa ridhaa yake, kwa sharti kwamba chai ya nyumbani asiipike mume. Pilau ya arobaini, ambayo kwa kazi ya jini haikupoa, ikaliwa siku ya ndoa, na mwenye muhuri, kama kawaida yake, alikuwa harusini.

Basi mwenye haja na aitamke tangu mwanzo wake, kwani silabi moja hutenga dawa na matanga. Na Zumaridi tangu hapo dawa hutangulia kupita langoni, na muhuri huifuata nyuma, ukihema.