Swali la Nyongeza la Bi Sange

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa shimo!

Shimo la nani?

La wote!

Na ndani mna nani?

Eeh, hapo mmenyamaza. Basi nyamazeni vizuri, mie niseme. Na atakayesinzia asije kesho kuniuliza tuliishia wapi.

Palikuwa na nchi ya wanyama, na nchi ile ilikuwa vitani. Vitani na nani? Hakuna aliyejua. Adui hakuonekana hata ukucha wake. Lakini ngoma zake zilisikika. Ukilaza sikio chini, udongo unalia: ndu! ndu! ndu! Polepole, bila kuchoka, mchana na usiku. Mama akisikia, humvuta mwanawe kifuani. Mzee akisikia, husahau alichokuwa akisema.

"Hao ndio adui," alisema Chatu. "Wanakuja chini kwa chini."

Chatu huyu alikuwa Waziri wa Vita na Ujenzi. Nguvu alikuwa nazo, ulimi laini alikuwa nao, na macho yake hayakupepesa hata siku moja. Akaja Bungeni na shauri lake: lichimbwe handaki chini ya kilima, ili siku adui akifika, nchi nzima ijifiche humo. Kila nyumba itoe nusu ya mavuno na mchimbaji mmoja. Handaki lenyewe, alisema, amekwisha kulianza kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza mikono gani. Wabunge wakagonga magogo yao, ko! ko! ko!, shauri likapita.

Basi kila asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, wachimbaji wakawa wanakwenda. Gunia kichwani, jembe begani. Akaingia mtoto wa Ngiri. Hakutoka. Akaingia dada wa Swala. Hakutoka. Akaingia kaka wa Tumbili. Hakutoka. Umande ukikauka, ilikuwa marufuku kukikaribia kilima. Ukiuliza, unaambiwa wachimbaji wanalala humo humo, kazi ni nyingi.

Siku moja akaingia Mbwana, mume wa Bi Sange.

Sange mnamjua. Mdogo kama panya, miguu njiti, pua ndefu inayocheza-cheza kana kwamba kuna kitu imeangusha inakitafuta. Na sange huoa mara moja tu. Mume na mke, mpaka kaburini. Bi Sange alikuwa Mbunge wa Majanini, na kila jioni alimpashia Mbwana chakula, akakifunika, akakaa mlangoni. Asubuhi chakula kile kile. Alikuwa akilia, nami sitaki kumficha. Alilia mpaka pua ile ikavimba.

Akasema, "Nitauliza Bungeni."

Sasa sikilizeni desturi ya Bunge lile. Mwenye kuuliza akishajibiwa, lazima amshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri, hata kama hakujibiwa kitu. Asiposhukuru, hapewi swali la nyongeza. Na Waziri naye, akishatamka "Serikali iko tayari," basi limekwisha, hana njia ya kurudi nyuma. Spika alikuwa Kobe. Mambo yakichacha, Kobe huingiza kichwa ndani ya gamba, na hapo kikao kimefungwa.

Bi Sange akasimama. "Mheshimiwa Spika, naomba kujua, mtama wetu umekwenda wapi?"

Chatu akainua shingo. "Ssss. Hiyo ni siri ya vita. Adui anasikiliza."

"Namshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri," akasema Bi Sange, akaketi.

Kikao kingine akasimama tena. "Mheshimiwa Spika, naomba kujua, handaki limefika wapi?"

"Ssss. Hiyo ni siri ya vita. Adui anasikiliza."

"Namshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri."

Na kila kikao Waziri alikuja mnene zaidi. Mwanzo alitoshea jiwe moja. Baadaye akazunguka ukumbi wote, wabunge wa nyuma wakawa wanakaa nje juani. Waliokaa karibu naye walisema wanasikia kama wimbo unaotoka mbali, chini sana, wa watu wengi. Wakasema ni masikio tu. Kikao kingine wakaenda kukaa mbali.

Bi Sange akasimama mara ya tatu. "Mheshimiwa Spika, naomba kujua, waliokwenda kuchimba watarudi lini?"

Ngoma tu chini ya miguu yao: ndu! ndu! ndu!

"Msaliti!" akaruka Ngiri. "Huyu katumwa na adui! Atoke!"

Na mtoto wa Ngiri ndiye aliyetangulia kuingia kuliko wote. Maskini, alipiga kelele ili asijisikie moyoni.

Chatu akamtazama Bi Sange bila kupepesa. "Pua kama hiyo ni ya kuchimbia, Mheshimiwa. Keshokutwa asubuhi ni zamu yako handakini."

Kobe akaingiza kichwa.

Kesho yake, kabla ya zamu yake kufika, Bi Sange alikwenda kilimani kuchungulia. Ukungu ulikuwa mzito. Akaliona handaki: mlango mpana, mweusi, majani na udongo juu yake. Upepo ukatoka ndani, huuuu. Ukarudi ndani, huuuu. Ukatoka. Ukarudi.

Akasogeza pua. Pango huwa na baridi, hili lilikuwa na joto. Sakafu ya mawe huwa ngumu, hii ilikuwa laini, nayo imelowa. Mlangoni, kushoto na kulia, palikuwa na vigingi vyeupe vimepangwa. Vyote vimeinamia ndani. Na ngoma za adui, ambazo nchi nzima ilizisikia kwa mbali, hapa zilikuwa karibu, papa hapa, NDU! NDU! NDU!

Kisha akasikia majembe, na wimbo:

*Chimba we, chimba,*
*adui hajafika!*
*Chimba we, chimba,*
*nasi hatujatoka!*

Anayeimbisha alikuwa Mbwana. Bi Sange aliijua sauti ile kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Akafungua kinywa amwite. Nani angemlaumu? Lakini akaona mlango wa handaki umetanuka kidogo, kama unaonusa. Akameza jina la mumewe. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka ukungu ukamfunika.

Angesema nini? Angesema "Handaki ni kinywa cha Waziri," nani angemsikiliza? Msaliti huyo, keshapigiwa kelele. Akanawa uso, akaenda Bungeni kama kawaida.

"Mheshimiwa Spika, nasimama kuomba radhi. Namshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri ya jana. Namshukuru kwa yale ya kabla ya jana. Namshukuru na kwa yale atakayotoa leo."

Ko! ko! ko! Wabunge wakagonga magogo. Ngiri aligonga kuliko wote.

"Kwa majibu hayo mazuri, nina swali dogo la nyongeza. Kazi nzuri kama hii mbona wabunge hatujaiona? Serikali iko tayari kuliruhusu Bunge zima likalikague handaki kesho asubuhi?"

Chatu akawatazama wabunge, mmoja mmoja. Ngiri na mapaja yake. Swala na shingo yake. Nyati na kitambi chake. Mate yakamjaa.

"Serikali," akasema, "iko tayari."

"Namshukuru Waziri. La mwisho, dogo kabisa. Wabunge ni watu wazito, na udongo ule ni mbichi. Paa likituangukia, nani atapitisha bajeti ya vita? Serikali iko tayari kuturuhusu tusimamishe nguzo mlangoni kabla hatujaingia?"

Chatu akacheka kwa ndani. Yeye aliyemmeza swala na pembe zake, leo aogope vijiti?

"Serikali iko tayari. Tena mimi nitawatangulia ndani niwapokee."

Tamaa, wanangu, haina macho hata kwa asiyepepesa.

Asubuhi Bunge zima likapanga mstari mbele ya handaki. Nungunungu, fundi wao, alileta nguzo za mpingo, zimechongwa ncha juu na ncha chini, kama Bi Sange alivyomwagiza. Akazisimamisha polepole, bila nyundo. Moja kushoto, moja kulia, moja katikati. Handaki likatetemeka kidogo, likatulia. Lilikuwa linasubiri wengi.

"Waziri yuko wapi?" akauliza Swala.

"Ametangulia ndani," akasema Bi Sange. "Spika kwanza, tafadhali."

Kobe akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti.

Handaki likafumba.

Kra! Nguzo zikazama juu, zikazama chini. Kilima kizima kikaruka. Udongo ukaporomoka, majani yakapeperuka, na juu ya mlango yakatokea macho mawili makubwa. Hayakupepesa. Wabunge wakayatambua. Ngiri akapiga magoti. Kobe aliingiza kichwa, miguu na mkia, akabingirika kama chungu.

Bi Sange akasimama mbele ya macho yale. "Mheshimiwa Spika, swali. Waliokwenda kuchimba watarudi lini?"

"Aaaa," likasema handaki. "Aaaa."

Lilitaka kusema siri ya vita. Lakini kinywa kilichopanuliwa kwa mpingo kitasemaje siri? Bi Sange alisubiri, kwa adabu tu.

"Namshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri," akasema. Akapenya kati ya nguzo, akaingia.

Hakuna aliyemfuata. Walimsikia akiita gizani, "Mbwana! Toka! Kazi imekwisha!" Walisikia wimbo ukikatika. Majembe yakanyamaza moja baada ya jingine.

Kisha wakaanza kutoka. Wamelowa, manyoya yameparara, macho wameyafinya. Akatoka mtoto wa Ngiri, na baba yake akamlamba uso akilia kwa sauti, hakujali nani anamtazama. Akatoka kaka wa Tumbili, akauliza achimbe wapi sasa. Dada wa Swala hakutoka. Lilitoka jembe lake, kalishika mwingine. Wa mwisho akatoka Mbwana, na Bi Sange kamshika mkono.

Chini ya miguu yao ngoma ikapunguza mwendo. Ndu! Ndu. Du. Ikanyamaza, isisikike tena. Ndipo nchi nzima ikaelewa kwamba miaka yote ile walikuwa wakisikia moyo wa Chatu. Adui mwingine hakuwako.

Bi Sange akampeleka mumewe nyumbani. Akampashia chakula. Mbwana akala, akala, akaramba sahani. Mkewe akamtazama, akamwuliza taratibu:

"Mume wangu, mle ndani mlidhani mnachimba nini?"

"Kudhani?" akasema Mbwana. "Tulijua, mke wangu. Tangu siku ya kwanza. Unapiga jembe, ukuta unasinyaa. Nani asiyejua nyama akiigusa?"

"Mlijua! Sasa mbona hamkutoka? Mlango ulikuwa wazi kila asubuhi."

"Ungesemaje? Unamtazama mwenzako, mwenzako anaimba. Ukinyamaza peke yako, utaitwa msaliti. Ni wakati wa vita. Basi unaimba na wewe, unaimba kwa nguvu zaidi yake."

Bi Sange akauliza tena: "Na aliyekuwa akiwaimbisha?"

Mbwana akaitazama mikono yake.

"Ni mimi," akasema.

Basi hapo ndipo nilipowaacha, mume na mke, sahani katikati. Hadithi nimeitua mzigo. Iliyonoga bebeni, iliyochacha niachieni mwenyewe.

Na mafunzo yake, maana najua wazazi wenu watawauliza: wakati wa vita, msimwulize Waziri maswali. Shukuruni tu. Mkikuta handaki lina joto, ingieni, nje kuna baridi. Na mkimsikia mtu anaimba gizani, itikieni haraka, msije mkaonekana hamuipendi nchi yenu.