Mavu wa Shamba la Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, tena wazi!

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mjane, Sikudhani. Mumewe alimwachia kitu kimoja tu: shamba la mibuni. Akalima, akapalilia, akachuma. Akalima, akapalilia, akachuma. Mwaka mmoja wakaja wadudu, vuuu! vuuu! wanazunguka maua. Wanene, mabawa yao maangavu, ukitazama unaona upande wa pili.

Shemeji yake, Mbaruku, ndugu wa marehemu mumewe, akakimbilia kwa Jumbe, mkono umemvimba. "Mavu! Sikudhani anafuga mavu!"

Na desturi ya kijiji ilikuwa hiyo: shamba lenye mavu, wale nyigu wakubwa wakali, huchomwa moto, ardhi ikarudi kwa ndugu wa marehemu. Desturi tamu kwa nani? Jibuni wenyewe.

Wanaume wakaja na mienge. Sikudhani akasimama mbele ya mibuni yake.

"Mtaanza kunichoma mimi."

Ndipo akafika Bibi Mwanamvua, mkongwe wa kijiji, ungo kichwani, umefunikwa kawa.

"Mbaruku, mwanangu, aliyekuuma ni yupi?"

"Huyo! Huyo hasa, mwenye mabawa ya kioo!"

"Usije ukawa umemfananisha."

"Bibi, mimi si kipofu!"

Bibi akafunua kawa. Ndani katulia mdudu mnene, mabawa ya kijivu yamejaa vumbi. "Nimemwokota asubuhi hii, chini ya mibuni hii hii. Na huyu je?"

Mbaruku akacheka. "Bibi nawe! Huyo nondo. Tangu lini nondo akauma mtu?"

"Mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

Nondo akatetemeka. Vrrr! Vumbi likapukutika. Vrrr! Mabawa yakabaki maangavu kama maji ya mtungini. Akaruka, vuuu! akatua kwenye maua, katikati ya wenzake. Sasa yupi ni yupi? Hakuna aliyejua.

"Huzaliwa na vumbi," akasema Bibi. "Akianza kuruka hulikung'uta. Haya, baba, mkono umevimbishwa na nini?"

Mbaruku akatazama chini. "Upupu."

"Ulikufuata, au uliufuata?"

Watu wakaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Mienge ikazimwa. Jumbe akakohoa. "Shamba ni la Sikudhani. Na desturi hii, tutaitazama upya."

"Tuitazame?" akasema Sikudhani. "Jumbe, tuifute."

Ikafutwa siku ile ile.

Basi, jamani: anayekuja na moto mkononi aulizwe yeye kwanza, kabla mwenye shamba hajaambiwa ajitetee.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye swali, aulize.